Nafuu ya Umeme Inaishia Kwenye Mita

  

Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya umeme wa nyumbani. Huenda mama mmoja akasema, "Hilo ni jambo la mafundi na la akina baba, ninyi mmelitoa wapi?" Tutamjibu kwamba tumelitoa kwenye ugomvi, na ugomvi unapoingia nyumbani mama ndiye wa kwanza kuusikia.

Ugomvi wenyewe tuliukuta Musoma, katika nyumba moja ya kupanga isiyo mbali na ziwa. Tulikuwa tumekwenda na akina mama wenzetu kumwona mama aliyejifungua. Nyumba ile ina vyumba sita, na kila chumba kina familia yake. Mita ya umeme ni moja tu, imepigiliwa ukutani barazani. Tulikuwa hatujamaliza hata chai, mara taa zikazimika. Ilikuwa yapata saa moja na nusu usiku.

Basi hapo maneno yakaanza. "Nani amepiga pasi mchana wote?" "Waulize wenye friji, mimi nina balbu moja tu!" "Juzi nimetoa elfu tano, leo sitoi hata senti." Kijana wa darasa la saba alitoka na daftari lake, akakaa kwenye ngazi, akaendelea na hesabu zake kwa mwanga wa simu ya mama yake. Mama mzazi akamfunika mtoto vizuri, akatuambia kwa sauti ya chini, "Msishangae, wenzangu. Hapa kwetu umeme tunao, amani ndiyo hatuna."

Mama mwenye nyumba naye akafika. Tunamfahamu, maana tunakaa naye benchi moja katika umoja wa akina mama. Si mtu mbaya hata kidogo, akiona mgonjwa yeye ndiye wa kwanza kupeleka uji. Lakini jioni ile alikuwa amechoka. Alisema wapangaji wanammaliza, na kwamba serikali imewasahau watu wa chini. Mpangaji mmoja akadakia, "Umeme wa bei ya chini upo, lakini ni wa watu wanaojuana na wakubwa."

Tulipoulizwa sisi tunajua nini, tukanyamaza, kwa sababu hatukujua. Tulirudi nyumbani tumeona aibu, tukaamua kuuliza na kusoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

NAFUU IPO, NA SI YA KUJUANA

Akina mama, msaada wa serikali kwa umeme wa watu wenye kipato kidogo upo nchini mwetu. Kuna nchi ambazo msaada kama huo hutolewa kwa fedha. Huko Uingereza, kwa mfano, bei za nishati zilipopanda sana mwaka 2022, serikali ililipia kila nyumba pauni 400 za umeme katika majira ya baridi, tajiri na maskini sawa. Kwetu msaada haupitii mkononi. Umefichwa ndani ya bei yenyewe, na ndiyo sababu wengi wetu hatuuoni.

TANESCO huwapanga wateja wake katika makundi. Kundi la nyumba zinazotumia umeme kidogo huitwa D1. Hawa ni wateja wa majumbani ambao kwa wastani matumizi yao hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Kundi linalofuata, ambalo ndilo lenye nyumba nyingi na biashara ndogondogo, huitwa T1. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa T1 hulipa shilingi 292. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Hivyo uniti moja inamfikia mama wa D1 kwa shilingi 122, na mama wa T1 kwa shilingi 356 na senti zake.

Tuseme kwa lugha ya jikoni. Shilingi 1,000 kwa mama wa D1 zinaleta uniti 8.2. Shilingi 1,000 hizohizo kwa mama wa T1 zinaleta uniti 2.8. Wote wawili wanaweza kuwa majirani, wamegawanywa na ua wa minyaa tu.

Nafuu hii haikuanza jana. Kabla ya mwaka 2014 kikomo kilikuwa uniti 50, ndipo Januari 2014 kikapandishwa hadi 75. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya Sirari, tangu Aprili 2023 kundi lao la bei ya chini kabisa linaishia uniti 30. Uganda nafuu ni ya uniti 15 za kwanza. Kwa hiyo uniti 75 si haba, mama akijua kuzitunza.

Na fedha za kufidia nafuu hiyo zinatoka wapi? Haziangushwi na mvua. Wanaotumia umeme mwingi hutozwa zaidi ili anayetumia kidogo atozwe kidogo. Jambo hili tutalirudia mbele.

HESABU YA NYUMBA YA MUSOMA

Sasa turudi barazani kwenye ile mita moja. Tuseme kila familia katika vyumba vile sita inatumia uniti 20 kwa mwezi. Hizo ni balbu mbili au tatu, redio, kuchaji simu, pasi ya sare za shule na televisheni ndogo. Mtu wa uniti 20 ndiye hasa aliyekusudiwa na bei ya D1. Angekuwa na mita yake angelipa shilingi 2,440 tu kwa mwezi.

Lakini mita haihesabu familia, inahesabu uniti. Mara sita ishirini ni 120. Mita ile inaonekana kama nyumba ya mtu mmoja anayetumia umeme mwingi, nayo inatozwa bei ya T1. Uniti 120 kwa bei hiyo ni karibu shilingi 42,750. Gawanya kwa sita, kila familia inalipa shilingi 7,125. Hivyo mama wa chumba kimoja analipa karibu mara tatu ya ile bei iliyowekwa kwa ajili yake, na kosa lake ni kukosa nyumba ya kwake.

Tulipomwonyesha mama mwenye nyumba hesabu hii kwenye daftari, aliivuta taa karibu akaisoma mara mbili. Kisha akauliza swali zuri sana: "Je, nikiweka mita ya pili?"

Tukakaa kupiga hesabu pamoja. Mita mbili, kila moja ya vyumba vitatu, ni uniti 60 kwa kila mita. Zote mbili ziko chini ya 75. Zikikubaliwa kuingia D1, kila mita ni shilingi 7,320, na zote mbili ni 14,640. Kutoka 42,750 hadi 14,640, nyumba nzima inaokoa zaidi ya shilingi 28,000 kila mwezi. Kuunganishiwa umeme mjini, kwa nyumba iliyo ndani ya meta 30 kutoka kwenye nguzo, gharama iliyotangazwa Januari 2022 ni shilingi 320,960. Akina mama, miezi kumi na miwili ya nafuu ile ni shilingi 337,320. Mita ya pili inajilipa yenyewe ndani ya mwaka, ikibaki gharama ya fundi wa kutenganisha nyaya.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema neno la kweli: "Lakini fedha nitoe mimi, nafuu wapate wao." Hatukumlaumu. Hilo ndilo jambo gumu lenyewe, na tunaomba ulikumbuke tunapoendelea.

LILE KATO LA KODI

Katika kuzungumza likatokea jingine. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500. Hukatwa pale mtu anaponunua umeme. Lakini kodi hiyo ni ya mwenye jengo, siyo ya mpangaji. Katika nyumba ile, aliyetangulia kununua umeme mwezi ulipoanza ndiye aliyekatwa, na mara nyingi alikuwa yule mama wa chumba cha pili, mjane anayeuza dagaa sokoni, kwa sababu yeye hununua asubuhi na mapema.

Kwa mwaka ni shilingi 18,000. Mwenye nyumba hakuwa amekusudia kumla mjane. Hakuwa amefikiri tu. Ndivyo dhambi nyingi za nyumbani zilivyo, huwa hazina ukatili, zinakosa kufikiriwa tu. Ukiwa na wapangaji, mama, rudisha fedha hiyo au ipunguze kwenye kodi ya chumba. Vilevile, sheria ina msamaha wa kodi hii kwa wazee waliofikisha miaka 60 na kwa watu wenye ulemavu katika nyumba wanayoishi, kwa masharti yake. Mwenye mzazi wa namna hiyo amsaidie kwenda kuuliza TRA au halmashauri.

BUNDA NA JAGI LA CHAI

Tulipofika Bunda tulipokelewa na familia yenye nyumba yake na mita yake. Baba ni fundi cherehani, mama ana genge. Hawa waliwahi kuwa D1, kisha wakajikuta wamehamishiwa T1, wakaamini wamedhulumiwa. Tukaomba kuona vyombo vyote vya umeme vilivyomo ndani, tukapiga hesabu na mama akiandika mwenyewe.

Uniti moja ni umeme wa wati 1,000 kwa saa moja. Balbu tatu za wati 9 zikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 4 tu kwa mwezi. Televisheni ndogo ya wati 50 kwa saa nne kila siku ni uniti 6. Pasi ya wati 1,000 kwa saa mbili kila juma ni karibu uniti 9. Friji dogo ni karibu uniti 30. Hita ya maji ya kuoga ya wati 1,500, nusu saa kila siku, ni uniti 22 na zaidi. Hapo tayari ni kama 71. Bado wako salama.

Kisha tukaliona jagi la umeme la chai, la wati 2,000. Linawashwa kidogo kidogo, asubuhi chai, mchana chai ya mgeni, jioni maziwa ya mtoto. Jumla kama robo saa kwa siku. Robo saa hiyo ni uniti 15 kwa mwezi. Sabini na moja na kumi na tano ni 86.

Mteja wa D1 anapovuka uniti 75 katika mwezi, zile zinazozidi hutozwa shilingi 350 kila moja kabla ya kodi na tozo. Na wastani wake ukiendelea kuwa juu, huondolewa D1. Uniti 86 kwa bei ya T1 ni zaidi ya shilingi 30,600. Uniti 71 kwa bei ya D1 ni pungufu ya shilingi 8,700. Mama yule alilitazama jagi lake, akasema, "Kumbe nakunywa chai ya elfu ishirini na mbili." Tukacheka wote, hata baba aliyekuwa cherehani.

Hatusemi mama asiwe na jagi. Tunasema ajue linakula kiasi gani. Wengine watapenda kuacha hita na kubaki na jagi. Wenye balbu za zamani za wati 60 waanze na hizo, maana balbu tatu za namna hiyo kwa saa tano kila usiku zinakula uniti 27, mahali ambapo balbu za wati 9 zinakula 4. Ukibadilisha balbu tu unaweza kurudi chini ya kikomo.

Na tafadhali, mama, asije fundi wa mlangoni akakudanganya kwamba atarukisha mita ili ulale na taa bure. Huo ni wizi, una faini na mahakama, na nyaya zilizochezewa zimeteketeza nyumba zenye watoto waliolala. Mtoto akimwona mama anamwiba asiyemwona, atajifunza haraka kuliko anavyojifunza Katekisimu.

BIBI WA BUTIAMA

Butiama ni kijiji alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Nyerere, na tangu mwaka 2012 ni makao ya wilaya yenye jina hilo. Katika kijiji kimoja cha wilaya hiyo tulimtembelea bibi wa mmoja wetu. Nyumba yake iliingiziwa umeme kwa mpango wa vijijini, ambao mwananchi hulipa shilingi 27,000 tu kuunganishwa. Mjukuu ndiye aliyelipa. Bibi ana balbu mbili na redio ya kusikilizia ibada. Umeme anaotumia haufiki hata uniti 10 kwa mwezi.

Alikuwa analalamika kwamba umeme wa elfu moja "hauna baraka". Tukaomba kuona ujumbe wa tokeni kwenye simu. Elfu moja imemletea uniti 2.8! Bibi wa balbu mbili alikuwa anatozwa bei ya T1, kama mwenye duka, na hapakuwa na aliyemwambia kwamba anaweza kuomba kubadilishwa. Alipokosa fedha, alirudia kibatari cha mafuta ya taa, na moshi wake ulikuwa umechora mstari mweusi ukutani juu ya kitanda.

Mjukuu wake alikwenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita, akaeleza. Watumishi wakatazama matumizi ya nyuma kwenye kompyuta, wakampokea maombi. Bibi alipobadilishiwa kundi, aliomba kwanza tumsomee ile namba tena: nane nukta mbili. Akasema sasa ataacha taa ya nje iwake, maana fisi wanapita.

Tunasimulia haya kwa sababu ya mwanamke kama huyo. Yeye hawezi kusoma ujumbe wa simu. Nafuu iliyotangazwa kwenye Gazeti la Serikali haitamfikia mpaka binti au mkwe aliyesoma aketi naye dakika tano.

MOTO WA KUPIKIA

Mama wa Mara bado anapika kwa kuni na mkaa zaidi kuliko kitu kingine, kwa hiyo tusiache kuligusa. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Katika mwaka wa fedha 2024/25 REA ilisimamia uuzaji wa mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa nusu bei, mitungi 3,255 kwa kila wilaya, ikiwemo yetu.

Wengi tuliowatembelea waliipata, nasi tuliwapongeza. Lakini katika nyumba kadhaa tuliukuta mtungi umefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake pamewekwa maua ya plastiki. Gesi iliisha, na ya kujaza haina ruzuku. Wenzetu wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa wamepata njia: kila mama anatia kidogo kila juma katika kibubu cha gesi pekee, kisichoguswa hata kwa msiba. Mtungi unapoisha, kibubu kimejaa. Na kwa mama wa D1, tukumbuke kwamba jiko la presha la umeme linaivisha maharage ya familia kwa karibu nusu uniti, yaani shilingi kama sitini. Linganisha na kopo la mkaa unalonunua wewe.

PEMBE ZA SHAMBA

Sasa tuseme neno letu. Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba wakati wa mavuno wasivune mpaka pembe za shamba, wala wasirudi kuokota masazo, bali wamwachie maskini na mgeni. Ruthu, mjane na mgeni, aliishi kwa masazo hayo. Sheria ilikuwapo tayari kabla Ruthu hajafika Bethlehemu. Lakini ili apate kushiba ilibidi awepo Boazi, mwenye shamba, ambaye aliwaambia vijana wake waangushe masuke makusudi.

Sisi tunaiona bei ile ya shilingi 100 kuwa ni pembe ya shamba. Wenye kutumia umeme mwingi wamewaachia wenye kidogo. Sheria imefanya kazi yake, nayo imefika mpaka ukutani kwenye mita na kuishia hapo. Kutoka kwenye mita mpaka kwenye balbu ya mjane wa chumba cha pili, hakuna waziri wala mkurugenzi anayeweza kuingia. Hapo ndipo pa mama mwenye nyumba, pa jirani, pa binti aliyesoma.

Tukisema serikali imewasahau maskini huku sisi tumeikalia nafuu yao bila kujua, hatujasema kweli yote. Na mwenye uwezo anayeweka mita mbili katika nyumba yake moja ili ajifiche chini ya uniti 75, huyo anavuna mpaka pembeni. Asifanye hivyo mtu wa Mungu.

MAMBO YA KUFANYA MWEZI HUU

Kwanza, tazama tokeni yako. Usitumie manunuzi ya kwanza ya mwezi, maana huenda yamekatwa kodi ya majengo. Tazama ya pili. Ukipata uniti zipatazo 8 kwa shilingi 1,000, uko D1. Ukipata 2.8, uko T1.

Pili, jumlisha uniti zote ulizonunua kwa miezi mitatu, gawa kwa tatu. Ukiwa chini ya 75 na bado uko T1, nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita, uombe kwa adabu kubadilishwa. Huduma hii haina haja ya kumpa mtu chochote mkononi.

Tatu, kama uko juu kidogo ya 75, andika vyombo vyako kama alivyofanya mama wa Bunda, utafute jagi lako ni lipi.

Nne, kama una wapangaji, keti nao na daftari. Wajue mita inasomaje, kodi ya majengo imelipwa na nani, na kila mmoja anachangia kwa kipimo gani. Mwenye friji asilipe sawa na mwenye balbu moja.

Tano, mtafute bibi mmoja asiyejua kusoma, umsomee tokeni yake.

Kuhusu ile nyumba ya Musoma, tusiwadanganye kwamba mambo yote yamekwisha. Mama mwenye nyumba alimrudishia mjane wa dagaa fedha za kodi ya majengo za mwaka mzima, mbele yetu, naye mjane akalia. Mpangaji mwenye friji alikasirika alipoambiwa achangie zaidi, akahama. Mita ya pili bado haijawekwa. Walikubaliana kwamba mwenye nyumba atatoa nusu na wapangaji watano waliobaki watatoa nusu kidogo kidogo, na ile yao itahesabiwa katika kodi ya vyumba. Daftari la michango analo mama mzazi yule, kwa kuwa wote walisema hana maneno mengi.

Kijana wa darasa la saba naye alipewa kazi. Kila jioni husoma namba kwenye mita na kuiandika ubaoni barazani, ili kila mtu ajue uniti zimebaki ngapi. Tulipopita mara ya mwisho, zilikuwa 11, na taa zilikuwa zinawaka.

Bwana awabariki katika nyumba zenu. Mpaka mwezi ujao, kwaherini.